Kamera ya Zumu au ya Kubadilisha Lenzi: Amua Kabla Hujafika Maduka ya Luthuli, Nairobi

Fungua simu yako uende kwenye picha ulizopiga miezi ya karibuni. Hesabu mia moja. Chukua karatasi uchore safu mbili: moja uiite MBALI, ya pili uiite GIZA. Kila picha ambayo ulitamani ungekuwa karibu zaidi, twiga aliyetoka kama kijiti cha kiberiti au mtoto wako jukwaani shuleni ambaye hata nyanyake hamtambui, itie alama kwenye safu ya kwanza. Kila iliyojaa chenga au iliyotikisika kwa sababu mwanga ulikuwa haba, itie kwenye ya pili. Zilizotoka vizuri ziache.

Watu wanaoniuliza wanunue kamera gani huanza na jina la kampuni au idadi ya megapikseli. Mimi huwaomba karatasi hiyo. Kamera ya zumu, ile ambayo lenzi yake huwezi kuibandua, ilitengenezwa kwa ajili ya safu ya MBALI. Kamera ya kubadilisha lenzi inaweza kutibu safu zote mbili, ila kwa sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: ununue lenzi ya pili. Kama unajua moyoni kwamba hutainunua, ama kwa sababu ya fedha ama kwa sababu hupendi kubeba vitu, nunua ya zumu na usijione umepungukiwa.

Na kama safu zote mbili zina alama tatu nne tu, baki na simu. Nasema hivyo kwa dhati. Fedha hizo zitakupeleka Samburu na kukurudisha.

Hatua ya kwanza: safu ya MBALI ikishinda, piga hesabu ya mita

Urefu wa lenzi hutajwa kwa milimita. Kwa kuwa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, hazilingani ukubwa, kampuni hutaja pia kipimo cha kulinganisha na filamu ya zamani ya milimita 35, ambayo fremu yake ilikuwa na upana wa milimita 36. Hicho cha kulinganisha ndicho unachokitaka. Hesabu yenyewe ni hii: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana, kwa mita, wa eneo litakaloingia kwenye picha.

Tuseme uko kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo ilianzishwa mwaka 1946 na ambayo wengi wetu tunaifikia kabla chai ya asubuhi haijapoa. Humo huruhusiwi kushuka garini ila sehemu chache zilizotengwa, kwa hivyo umbali anaupanga mnyama. Pundamilia amesimama mita 60 kutoka barabarani. Kwa lenzi ya milimita 200 utapata eneo la mita 10.8, na pundamilia wako ni alama ya mistari katikati ya nyasi. Kwa 600 utapata mita 3.6, naye anaijaza picha. Kwa ndege wa ukubwa wa shomoro kule kwenye misitu ya Karura au Arboretum, hata ukimkaribia hadi mita 10, lenzi ya 600 itakupa upana wa sentimita 60, yaani ndege atachukua robo ya upana wa picha. Ndiyo maana wapiga picha wa ndege hawashibi milimita.

Sasa angalia kila upande unakupa nini. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 inakwenda kutoka 24 hadi 600. Panasonic FZ1000 ya 2014 inafika 400. Kati ya zile za kuingia mfukoni, Sony RX100 VII inafika 200, Panasonic TZ200 inafika 360, na Canon SX740 HS inafika 960 ingawa sensa yake ni ndogo sana. Upande wa pili, kamera ya Canon yenye sensa ya APS-C (saizi ya kawaida ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi) pamoja na lenzi ya 55-250 inakupa 400, maana pale unazidisha kwa 1.6. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm za aina hiyo unazidisha kwa 1.5. Kuipata 600 kwenye bodi (kamera bila lenzi) kama hizo unahitaji lenzi ya milimita 400, na lenzi ya namna hiyo peke yake yaweza kukugharimu kuliko bodi.

Kisha kuna Nikon P1000 ya mwaka 2018, inayofika milimita 3000. Muuzaji atakwambia, "Boss, hii unaona mpaka mwezi," na anasema kweli, mwezi utauona vizuri. Lakini ukiivuta hadi mwisho, tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, hubana hadi f/8 juu ya sensa iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo, na kamera yenyewe ina uzito wa kilo 1.4. Pia hewa ya uwanda wa Athi saa sita mchana hucheza kama mazigazi juu ya lami. Hakuna lenzi inayonyoosha hewa. Simba wa mita 300 kwenye jua la mchana atatoka kama aliyechorwa kwa rangi ya maji, hata ukiwa na kamera ya bei ya gari. Ingia lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, na milimita 600 zitakutosha kuliko 3000 za adhuhuri.

Hatua ya pili: safu ya GIZA ikishinda, soma namba ya f kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza fedha zao.

Giza la Nairobi si la usiku peke yake. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku ambazo mawingu hayafunguki kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa ikweta iko jirani, ukigeuka kidogo giza limeshaingia. Ongeza kumbi za makanisa zenye taa chache za juu, sebule za fleti zenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, na sherehe za harusi ambazo keki hukatwa saa moja usiku.

Mwanga unaokusanywa hutegemea mambo mawili, ukubwa wa sensa na ukubwa wa tundu la lenzi. Sensa ya kamera nyingi zenye zumu ndefu sana ina eneo la takriban milimita 28 za mraba. Ile iitwayo ya inchi moja ina 116 (jina lenyewe ni urithi wa mirija ya kamera za televisheni za zamani, usilipime kwa rula). APS-C ina karibu 366, na fremu kamili, yaani ukubwa wa ile filamu ya milimita 35, ina 864. Ukiishia hapo utasema kamera ya kubadilisha lenzi imeshinda, na ndivyo inavyosemwa dukani.

Endelea na tundu. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8, mwanga unaongezeka mara nne. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na bodi ya kubadilisha lenzi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake mara nyingi ni f/5.6. Lakini Sony RX10 ya kwanza ya 2013 na ya pili ya 2015, ambazo ni za zumu zenye sensa ya inchi moja, zina f/2.8 kutoka 24 hadi 200 bila kubadilika. Sensa yao ni karibu theluthi ya APS-C, tundu lao linaleta mwanga mara nne. Gawanya nne kwa tatu: kamera ya zumu imekusanya mwanga zaidi kidogo. Yule aliyenunua bodi kubwa na lenzi yake ya kasha amelipia sensa ambayo lenzi inainyima chakula.

Mpwa wangu alipitia hayo. Anapiga picha za kwaya ya kanisa lake, na aliweka akiba mwaka mzima akanunua bodi nzuri yenye lenzi ya kasha. Jumapili ya kwanza akanipigia simu: "Mjomba, mbona wote wametikisika? Simu yangu ilikuwa inatoa picha safi kuliko hii." Nikamwuliza namba zilizoandikwa kwenye picha. Shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga, ilikuwa imefunguka kwa 1/20 ya sekunde. Kwaya haisimami kama nguzo. Inayumba, inapiga makofi, na 1/20 haiwezi kumgandisha mtu anayepiga makofi. Nilimwazima lenzi yangu ya 50 yenye f/1.8. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga huongezeka karibu mara kumi, kwa hivyo shata ikapanda hadi 1/200. Bodi ileile, ukumbi uleule, wimbo uleule. Jumapili iliyofuata alinitumia picha ya msichana wa sauti ya pili akiwa ameinua mikono, na ungeweza kuhesabu shanga za bangili yake.

Kumbuka pia kwamba mfumo wa kutuliza mtikisiko, ambao kila kamera inajivunia, hutuliza mikono yako tu. Anayecheza mbele yako hautamtuliza.

Kwa hiyo ukichagua kamera ya kubadilisha lenzi kwa ajili ya GIZA, lenzi ya f/1.8 ihesabu kuwa sehemu ya kamera tangu siku ya kwanza. Chagua urefu wake kulingana na chumba. Milimita 50 kwenye Canon ya APS-C ni sawa na 80. Tumia ile hesabu yetu: ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, upana wa picha ni mita 1.35. Kwa bibi harusi peke yake, vizuri sana. Kwa jamaa kumi waliobanana kwenye sofa ya sebule ya mtaa wa Umoja, utaishia kupiga picha ukiwa jikoni. Kwa nyumba zetu, 35 au chini yake inafaa zaidi.

Hatua ya tatu: gawa fedha kabla ya kuuliza bei

Sitataja bei kwa shilingi, kwa kuwa zinapanda na kushuka na dola. Nitataja migawanyo. Kama umeamua kubadilisha lenzi, katika kila shilingi 100 ulizo nazo, 50 ziende kwa bodi, 35 kwa lenzi, na 15 kwa betri ya pili, memori kadi mbili na mfuko. Bodi ikimeza 90, umenunua nusu ya kamera. Kama ni ya zumu, 85 ziende kwa kamera yenyewe. Huhitaji kingine ila betri na kadi. Tofauti hiyo ndiyo sababu kamera ya zumu inayoonekana ghali dukani mara nyingi huwa rahisi ukijumlisha yote.

Mitego miwili ya lenzi nitaitaja kwa majina kwa sababu naikuta kila mwezi. Bodi za Nikon za familia ya D3000 na D5000, kama D3500, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi ya zamani kama 50 f/1.8D, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na Canon za familia ya M, kama M50 inayopendwa na watu wa video, hutumia lenzi za EF-M, ambazo Canon imeacha kuzitengeneza na ambazo hazifungi kwenye bodi mpya za R. Si kamera mbaya hata kidogo, ila lenzi utakazonunua leo hazitakufuata kesho.

Kwa wanaotaka video za mtandaoni: tafuta tundu la maikrofoni na kioo kinachogeuka kukutazama. Zumu au lenzi, bila hivyo viwili utajuta.

Hatua ya nne: fikiria begani, mjini na kwenye vumbi

Watu husema ya zumu ni nyepesi. Si lazima. Canon 250D pamoja na lenzi mbili, 18-55 na 55-250, ina uzito wa karibu kilo moja na gramu arobaini. Sony RX10 IV peke yake inazidi hapo kidogo. Wepesi wa kweli uko kwa zile za mfukoni. RX100 VII ina gramu 302, na ndiyo ninayotoka nayo ninapopita barabara ya Tom Mboya kwenda kupanda matatu. Kamera inayoingia mfukoni haivuti macho ya mkora wala ya askari. Askari wa majengo mjini humsimamisha mwenye lenzi ndefu hata kama anapiga picha ya ua, na yule mwenye kikamera kidogo huchukuliwa kuwa mgeni wa kawaida. Popote ulipo, usielekeze lenzi yoyote kwenye kambi za jeshi au Ikulu.

Vumbi ni jambo jingine. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alinunua seti nzuri ya lenzi mbili kwa ajili ya safari zake za mbugani. Nilipomtembelea baada ya mwaka, lenzi ndefu bado ilikuwa kwenye karatasi yake. "Mwanangu," akaniambia, "simba akitokea, nani ana muda wa kufungua na kufunga? Na vumbi lile jekundu?" Alikuwa sahihi. Aliuza seti nzima akanunua moja ya zumu ya hadi 400, na tangu hapo kila mwezi ananitumia picha za korongo na swala. Mtu asiyependa kubadilisha lenzi hana haja ya kamera ya kubadilisha lenzi, hata akiwa na fedha zote za dunia.

Ukiamua kubadilisha porini, zima injini, funga madirisha, ngoja vumbi litulie, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, kisha fanya haraka. Vumbi likiingia kwenye sensa, fundi atalisafisha kwa muda mfupi. Kamera ya zumu nayo haijasalimika: lenzi inayotoka na kuingia hufyonza hewa kama pampu, na vumbi likifika ndani, kamera yote lazima ifunguliwe. Ihifadhi kwenye mfuko wenye zipu, usiiache wazi kwenye dashibodi.

Hatua ya tano: kodisha siku moja

Nairobi kuna maduka yanayokodisha bodi na lenzi kwa siku. Utaacha kitambulisho na pengine amana. Kodisha ile unayoitaka Jumamosi, uende nayo mahali palepale picha zako ziliposhindikana. Usiende kupiga jengo la KICC saa nne asubuhi. Hiyo kila kamera inaiweza. Kama mkono umekuchoka saa nane mchana, umepata jibu ambalo maelezo ya kasha hayangekupa.

Hatua ya sita: dukani

Iwe Luthuli, Moi Avenue au Kimathi Street, nenda asubuhi siku ya kazi, ukiwa na memori kadi yako na betri ya simu imejaa. Kamera nyingi utakazoonyeshwa zimetumika ng'ambo, na hilo si tatizo ukizikagua.

Mulika lenzi kwa tochi ya simu, ukitazama kutoka upande wa pili. Nilijifunza hili kwa hasara: lenzi yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka lenye mwanga mkali, inang'aa, nikalipa. Nyumbani nikaimulika nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo. Ilikuwa kuvu. Hutambaa polepole, huondoa ukali wa picha, na kusafisha kwake hugharimu karibu bei ya lenzi. Muuzaji alikataa kuirudisha kwa sababu risiti haikutaja hali yake.

Kisha vuta zumu hadi mwisho na kuirudisha mara kumi, ukisikiliza. Ikikwaruza au ikisita njiani, iache. Hili ni muhimu mara dufu kwa kamera ya zumu, kwa kuwa lenzi ikifa, kamera imekufa. Funika lenzi upige picha ya giza tupu, uikuze kwenye kioo, utafute nukta zinazong'aa. Piga ukuta mweupe kwa f/16 utafute madoa ya vumbi. Kwa bodi yenye shata ya kimitambo, omba idadi ya mibofyo. Bodi nyingi za bei ya chini hukadiriwa kuhimili takriban 100,000, kwa hivyo yenye 90,000 ilipie kama mzee anayekaribia kustaafu. Toa betri uilaze mezani. Ikizunguka kama yai, imevimba.

Fungua menyu. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi zina lugha ya Kijapani peke yake, na huenda usipate njia ya kuibadilisha. Linganisha namba ya bodi na ya kasha. Zisipofanana, uliza kwa upole, na jibu lisipokuridhisha ondoka, maana kamera za wizi hupita mikono mingi.

Lipa kwa M-Pesa baada ya kukagua, kamwe si kabla, na hakikisha risiti ina namba ya bodi, namba ya lenzi, maneno yanayoeleza hali ya kila kimoja, na siku za kurudisha. Maduka mengi hutoa siku chache tu. Nunua kwenye wiki ambayo una nafasi ya kupiga picha mia mbili, nusu yake baada ya saa kumi na mbili jioni.